Bustani ya Mimea Entebbe: usiingie bila mtu wa kukusimulia miti

Sisi wa Kampala tukiitaja Bustani ya Mimea ya Entebbe huwa tunasifia upepo wa ziwa, mbega wanaoruka juu ya miti na picha za harusi. Hayo yote yapo. Lakini ukilipa kiingilio ukaishia hapo, bustani hujaiona. Mara ya kwanza nilipelekwa na kampuni moja ya utalii iliyotukimbiza kama tunawahi basi. Safari hii nilikwenda na mama mdogo, tukaomba mtembezaji pale pale.

Bustani ilianzishwa mwaka 1898, Entebbe ikiwa makao ya serikali ya kikoloni, na haikuwekwa kwa ajili ya kupumzikia. Waingereza walitaka kujua zao lipi litawalipa katika udongo wa Uganda, basi miti ya mpira na mikakao ikapandwa hapa kwa majaribio. Kijana aliyetutembeza alikwaruza kidogo gome la mpira, utomvu mweupe ukachuruzika. Akausugua vidoleni mpaka ukavutika kama uzi.

Kwenye mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, ndipo tulipokaa sana. Gome lake la ndani hubanduliwa msimu wa mvua, kisha shina likafungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya likaota. Mti haufi, utavunwa tena. Gome lile hupondwa kwa nyundo za mbao zilizochongwa mistari, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka lilainike na kutanuka likawa lubugo, nguo ya rangi ya udongo mwekundu. Baganda, watu wa ufalme wa Buganda, huzikia wafu wao kwa lubugo na kuivaa kwenye shughuli za ufalme. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. "Mama, pitisha mkono hapa," kijana akamwambia mama mdogo. Mama mdogo akapapasa shina, akaanza kutusimulia mazishi ya babu yake, na mtembezaji naye akanyamaza kumsikiliza. Kwangu mimi saa ile peke yake ilitosha kulipia safari nzima.

Halafu kuna kahawa. Wengi wanadhani ililetwa na wazungu, kumbe aina ya robusta ni ya huku huku. Zamani Baganda walichanjiana undugu kwa buni: tunda moja lina punje mbili zilizolaliana, kila mtu anapaka yake damu yake na mwenzake anaila. Baada ya hapo ni ndugu, na kumsaliti ni laana. Mtoto anayekunywa kahawa ya pakiti mjini anastahili kuambiwa haya akiwa amesimama chini ya mbuni wenyewe.

Kwa hiyo nyota zote tano natoa, na ushauri wangu ni huu: nenda asubuhi, vaa viatu visivyoteleza kwa sababu mteremko wa kuelekea ziwani hulowa, mlipe mtembezaji vizuri, na kama una mzee nyumbani aliyekulia kijijini, mchukue.