Komponenti ya ratiba iliyopanga kazi mbili kwenye mashine moja

Nimekasirika na sitaficha. Miezi kadhaa iliyopita tulilipia leseni ya komponenti (kipande cha programu kilichoandikwa tayari) ya kuchora chati za Gantt, zile zinazoonyesha kila kazi kama pau kwenye mstari wa muda, tukaiingiza kwenye programu ya kupanga kazi za kiwanda kimoja cha vifungashio hapa Nairobi. Siku ya kuionyesha ilipendeza kweli, unaburuta pau kwa kipanya na kazi inahamia mashine nyingine.

Usiku mmoja msimamizi wa zamu akaburuta oda ya haraka, akaiachia juu ya kazi iliyokwisha kupangwa kwenye mashine hiyohiyo, saa zilezile. Chati ikakubali kimya. Pau ikailalia nyingine, ya chini isionekane kabisa. Kulipokucha, timu mbili zikakutana kwenye mashine moja, kila moja na karatasi yake ya kazi mkononi.

Nikawaandikia watengenezaji. Wakajibu: chati inaonyesha ulichoipa, kukagua ni kazi yako. Basi. Hata pole hakuna!

Swichi ya kuzuia pau zisipandane ipo, nikaiwasha. Sasa oda ya haraka inakataliwa katakata, wakati kinachotakiwa ni kuiingiza na kuzisogeza mbele zinazofuata. Na kuosha rola za wino za mashine ya kuchapia je? Ukitoka wino mweusi kwenda njano unaosha muda mrefu kuliko ukitoka njano kwenda mweusi, lakini hii inakupa muda mmoja tu wa maandalizi, uwe umetoka rangi gani. Imebuniwa kwa miradi ya ujenzi, ambako kila mstari ni shughuli. Kiwandani mstari ni mashine, na mashine haifanyi kazi mbili kwa mpigo. Henry Gantt mwenyewe, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alikuwa na chati za viwandani Marekani zenye mstari wa kila mashine. Hawa wamechukua jina lake wakaacha kazi yake.

Anayetafuta komponenti ya kiwandani asilipe kabla hajaachia kazi moja juu ya nyingine akaona itafanya nini.

Kwa kasi naisifu, kazi maelfu na skrini haigandi. Nilikuwa nimeshaandika kwamba wenye programu za wakandarasi wa ujenzi wainunue tu, itawafaa. Kisha nikalisoma tena lile jibu. Nimeifuta sentensi hiyo. Nao wasinunue, maana siku ikiwaharibikia watajibiwa na watu walewale.