Huduma ya kubadilisha kadi ya gari la marehemu, Mwanjelwa, Mbeya

Baba alituachia Hilux aliyokuwa akibebea viazi kutoka Uyole. Kadi ilikuwa bado na jina lake. Kishoka mmoja, dalali asiye rasmi, alitaka hela nyingi akaniambia tuandike mkataba wa mauziano kana kwamba baba yupo hai. Nilikataa. Siwezi kuighushi saini ya baba yangu.

Ndipo jirani akanipeleka kwa dada mmoja mwenye steshenari ndogo Mwanjelwa, karibu na soko. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama tumeshafungua mirathi. Akanieleza, taratibu kabisa, kwamba TRA, mamlaka ya mapato, haimtambui mtoto wa marehemu, inamtambua msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo nianze na cheti cha kifo, kisha muhtasari wa kikao cha ukoo, niende Mahakama ya Mwanzo, nikitoka na fomu namba nne, ile ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi, ndipo nirudi kwake. Hakuchukua hata shilingi siku hiyo! Mama, niliyekuja naye, alipewa kiti na maji ya kunywa.

Niliporudi alinijazia maombi mtandaoni, akakagua TIN yangu, yaani namba ya mlipakodi, akanitolea kopi. Ada ya serikali nililipa mwenyewe kwa namba ya malipo, yeye akachukua elfu kumi na tano tu.

Kasoro: mtandao hukatika, na jioni foleni ni ndefu. Nendeni asubuhi, na kadi halisi mkononi.

Nyota tano. Asante sana, dada.