Blackjack: meza ya 3 kwa 2 au ya 6 kwa 5?

Vijana wa kijiweni pale Majengo, Dodoma, waliozoea lasti kadi, hudhani blackjack, mchezo wa karata wa kasino wa kuikaribia 21 kuliko mgawaji bila kuizidi, ni bahati tupu. Kanuni zenyewe ni chache. Karata ya 2 hadi 10 huhesabiwa kama ilivyoandikwa. Jeki, malkia na mfalme ni 10 kila moja. Ree ni 1 au 11, vyovyote inavyokufaa. Ukizidi 21 dau limekwenda, hata kama mgawaji naye atazidisha baadaye. Ree na karata yenye thamani ya 10 katika mbili za mwanzo, hiyo ndiyo blackjack.

Hapo kwenye malipo ya blackjack ndipo meza zinaachana. Weka shilingi 10,000: ya 3 kwa 2 inakupa faida ya 15,000, ya 6 kwa 5 inakupa 12,000. Elfu tatu hiyo, jamani! Na blackjack yenyewe huja takriban mara moja katika migao 21. Meza ya 6 kwa 5 mara nyingi huruhusu dau dogo, ndiyo chambo chake. Mimi sikai.

Mgawaji akisimama kwenye ree na 6 badala ya kuongeza karata, ni nafuu kwako, ila nafuu hiyo haifikii pengo la malipo.