Uzoefu wangu: seti ya mizigo ya resini na Tamiya Weathering Master kwenye Sherman ya 1/35

Seti ninayoizungumzia ni ya resini, yaani plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu, na ina vipande 28 vya mizigo ya kifaru cha Kimarekani cha Vita Kuu ya Pili: masanduku ya risasi, madumu ya petroli, mabegi, blanketi na maturubai yaliyoviringishwa. Nimeifunga kwenye modeli ya plastiki ya kifaru hicho, Sherman M4A3 ya kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko halisi), kisha nikaichakaza kwa rangi za mafuta na vikopo viwili vya poda za Tamiya Weathering Master, Seti A na Seti B. Hukumu naitoa mapema: vitu vigumu vya seti hii ya resini vina thamani ya pesa yake, vitu laini havina. Turubai lake limechongwa lilale juu ya meza, na mgongo wa Sherman si meza.

Nianze na vipimo, maana hapo ndipo seti nyingi huanguka. Dumu halisi la lita 20 lina kimo cha sentimita 47 hivi; gawa kwa 35 unapata milimita 13 na kidogo. Madumu ya seti yametoka 13, safi kabisa. Kasoro iko kwenye vifuniko: manne kati ya manane yana kifuniko cha wenzo cha Kijerumani, ilhali dumu la petroli la jeshi la Marekani lilikuwa na kifuniko cha kuzungusha. Hayo manne nimeyasukuma chini ya blanketi, mdomo usionekane. Masanduku ya risasi ni mazuri mno, hata bawaba zinaonekana, ila mawili yalikuwa na tundu la hewa kwenye kona. Tundu kama hilo huzibwa kwa tone la supaglu na unga wa resini uleule uliotoka kwenye msasa. Likikauka unasugua, halionekani tena.

Resini ioshwe kwanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha iachwe ikauke. Ule utelezi unaousikia mkononi ni mafuta ya kutolea kipande kwenye kalibu, na rangi haishiki juu yake. Usipoosha, utaona rangi ikibanduka na tepu siku ya tatu. Kukata vitako vya kumiminia tumia msumeno mwembamba, usilazimishe kwa koleo, resini huvunjika vipande. Msasa uwe na maji na pua iwe na barakoa: unga wake ni mwembamba na haufai mapafuni. Kipande kilichopinda kichovye kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, kwa nusu dakika, kinyooshe, kisha kiingize maji baridi.

Gundi ya plastiki haifanyi kazi hapa kwa sababu haiyeyushi resini. Ni supaglu au epoksi. Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kuna jambo la kuangalia: hewa yenye unyevu huifanya supaglu itoe ukungu mweupe pembeni mwa kiungo. Weka kiasi kidogo sana kwa ncha ya kijiti cha meno, na uache feni ipitishe hewa kwa mbali. Unyevu huohuo huigeuza vanishi ya kupuliza kuwa nyeupe kama chokaa, kwa hiyo siku ya mvua ya masika kopo likae kabatini.

Sasa vitu laini. Kinachoufanya mzigo uaminike ni uzito, na uzito huonekana mahali ambapo kitu laini kimekutana na kitu kigumu. Turubai lililoviringishwa likiwekwa juu ya ukingo wa chuma hubonyea. Mkanda ukilikaza, nyama yake huvimba pande zote mbili za mkanda. Turubai la resini halibonyei wala halivimbi. Linagusa kifaru sehemu mbili tu, na katikati mwanga unapita. Mwanga huo chini ya mzigo ndio unaoharibu kila kitu. Ukipiga picha kwa pembeni utauona kabla ya kuona kingine chochote.

Kwa hiyo maturubai yote matano ya seti nimeyaacha kwenye boksi na kutengeneza ya kwangu kwa Milliput, pati ya epoksi ya sehemu mbili inayokauka ikawa ngumu. Kanda sehemu mbili kwa kiasi sawa mpaka mistari ya rangi iishe, kama dakika tano. Iache ipumzike nusu saa ipunguze kunata. Nyunyiza poda ya watoto juu ya kigae au kioo, sukuma pati kwa chupa mpaka iwe chini ya nusu milimita, kisha kata kipande cha milimita 43 kwa 60. Hiyo 43 haikutoka hewani: turubai la mita moja na nusu ukigawa kwa 35 ni 43. Kunja kingo mbili ndefu kwa ndani, viringisha bila kukaza, lenga unene wa milimita 6 hivi. Usibane ncha; acha mviringo wa konokono uonekane, kisha uuzidishe kidogo kwa kijiti cha meno.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Tandika karatasi ya plastiki ya kufungia chakula juu ya mgongo wa kifaru, weka roli ya turubai juu yake ingali laini, na ikandamize kwa kidole chenye maji mpaka ishuke kwenye kila kona, kila bolti, kila ukingo. Bonyeza alama za mikanda kwa uzi au waya. Iache usiku kucha. Asubuhi unaiinua pamoja na plastiki, na chini yake kuna muhuri kamili wa mahali pake. Itarudi hapohapo na si penginepo.

Mikanda nimekata kwenye tepu ya karatasi, upana wa milimita 0.7 (mkanda wa sentimita 2.5 hivi kwa halisi), na bizimu zake ni waya wa shaba wa ndani ya kebo ya zamani uliokunjwa mraba. Kwa turubai lililotupwa wazi juu ya masanduku, tishu ya safu moja iliyolowa gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu inatosha. Angalia tishu isiwe na vidoto vya urembo, maana ukipaka rangi vidoto vile vinakuwa kitambaa chenye nyuzi nene kama mkeka.

Upangaji una sheria zake, na si za urembo. Tareti, yaani mnara wenye mzinga, lazima izunguke: mzigo wa mgongoni ukizidi kimo cha upande wa chini wa sehemu ya nyuma ya tareti, umeifunga. M4A3 ilikuwa na injini ya petroli ya Ford V8 ya aina ya GAA, iliyovuta hewa kupitia milango mikubwa ya wavu mgongoni. Ukiangalia picha za vita utaona askari wakipakia hata hapo, lakini mimi naacha sehemu kubwa ya wavu wazi pamoja na vifuniko vya kujazia petroli. Vioo vya dereva mbele navyo visizibwe. Kila kamba iwe na mahali inapofungwa: kipete cha kunyanyulia, mshikio, fremu ya nyuma. Kamba inayoishia hewani huua modeli nzima.

Seti imekuja pia na viroba sita vya mchanga, na hapa historia inaamua. Kifaru changu ni cha Jeshi la Tatu la Marekani, Lorraine mashariki mwa Ufaransa, vuli ya 1944, na Jenerali Patton aliyeliongoza alikataza viroba kwa sababu viliongeza uzito kwenye springi bila faida ya maana. Mwanzoni mwa 1945 watu wake wakawa wanachomelea bamba za deraya zilizokatwa kwenye vifaru vilivyokufa. Ukitaka viroba vingi, tengeneza kifaru cha Divisheni ya 14 ya deraya katika Jeshi la Saba, waliovipanga ndani ya fremu za chuma. Kwangu vimebaki kwenye mfuko.

Rangi: kifaru kimepakwa Tamiya XF-62 (kijani cha zeituni), halafu sehemu za juu XF-62 hiyohiyo iliyochanganywa na XF-60 (njano iliyokolea) kidogo. Mizigo nimeipaka pembeni, kila kimoja kikiwa kimechomekwa kwenye pini ya waya wa milimita 0.5, kisha ikarudi mahali pake. Ukigundisha kwanza, brashi haifiki kwenye vivuli. Usifanye vitambaa vyote kijani kimoja. Turubai la jeshi la Marekani lilianza likiwa la khaki iliyopauka na baadaye likawa kijani kizito, na vyote viwili vilikutana kwenye kifaru kimoja. Mimi nimetumia XF-49 (khaki) kwa mawili, na XF-62 yenye XF-57 (hudhurungi hafifu) kidogo kwa matatu. Kabla ya kugundisha kwangua rangi pale vinapogusana, la sivyo supaglu inashika rangi, na rangi ndiyo inayobanduka.

Kabla ya woshi ya mafuta, yaani rangi nyepesi sana inayotiririka kwenye mikunjo na kuikoleza, nilipitisha X-22, vanishi ya Tamiya yenye kung'aa, nikaiacha siku mbili. Woshi ni rangi ya msanii ya kahawia iliyokolea iliyolazwa kwanza juu ya kadibodi saa moja ili kadibodi inywe mafuta yake, kisha ikachanganywa na white spirit, kiyeyushi cha rangi za mafuta. Hapa nisisitize: ile thina ya rangi ya gari inayouzwa kwa lita dukani inayeyusha plastiki. Si ya kazi hii hata tone. Na hata white spirit isiachwe ituame kwenye plastiki isiyo na rangi, hasa kwenye viungo vya magurudumu; huingia ndani na plastiki inapasuka yenyewe baada ya saa chache.

Michubuko iwe michache. Kifaru cha 1944 kilikaa vitani miezi, si miaka, kwa hiyo kutu inayotoboa bati ni hadithi. Nimegusa kingo za mifuniko na mahali miguu inapopanda kwa kipande cha sifongo chenye kahawia na nyeusi, baada ya kukipunguza kwenye karatasi mpaka kinakaribia kukauka. Minyororo ya kutembelea ya kifaru hiki, ya aina ya T48, ina viatu vya mpira, na mpira hauwi fedha ukisuguliwa. Kinachong'aa ni viunganishi vya chuma vya pembeni peke yake. Hili naliona limekosewa hata kwenye modeli zilizopakwa kwa mkono wa dhahabu.

Sasa Weathering Master. Ni kikopo bapa mfano wa poda ya uso, rangi tatu, na kibrashi chenye sifongo upande mmoja. Seti A ina mchanga, mchanga mweupe na tope. Seti B ina theluji, masizi na kutu. Poda yake ina unyevunyevu kidogo kama wanja, hivyo haipeperuki kama poda kavu na unaweza kuiweka kwenye mkunjo mmoja wa turubai bila kuchafua jirani yake. Kwa vumbi la mizigo sijapata kitu chepesi kukitawala kama hiki. Inataka uso usiong'aa. Juu ya X-22 inateleza tu, kwa hiyo vanishi ya kufifisha itangulie. Ukipuliza vanishi tena juu yake, nusu ya vumbi inatoweka, na poda zote zina tabia hiyo. Naiweka mwisho kabisa na sigusi tena.

Mpangilio: mizigo imeshagundishwa, vumbi lipite kifaru na mzigo kwa pamoja ili viwe vimesafiri njia moja. Mchanga mweupe juu ya mikunjo, mchanga pale mzigo unapokutana na chuma, tope madigadi na kwenda chini. Masizi kwenye ekzosi na nyuma yake. Kwa tope nene la chini sikutumia kikopo. Nimechanganya poda kavu, plasta kidogo na gundi nyeupe, rangi ya kahawia ya kijivu. Udongo wetu mwekundu wa nje ya nyumba unavutia, lakini si wa Lorraine. Pembeni ya vifuniko vya petroli nimedondosha kahawia yenye X-22, doa moja kubwa na mawili madogo, yang'ae.

Vikopo viwili nitavinunua tena vikiisha. Seti ya resini ningeinunua kama wangeuza masanduku na madumu peke yake. Kwa sasa maturubai matano na viroba sita vipo, anayevihitaji kwa meza ya karakana kwenye diorama (mandhari ndogo ya modeli) vitamfaa, maana huko vitalala bapa kama vilivyochongwa.