Mfereji wa Hezekia, Jerusalem: nyota nne, na viatu vya kuingilia majini usisahau

Katika hija yetu nzima, hakuna tiketi niliyoona thamani yake kama hii ya Mji wa Daudi, eneo la kale ulimo mfereji huu. Sehemu nyingine unaonyeshwa mahali panaposemekana jambo fulani lilitokea. Hapa unaingia ndani ya kazi yenyewe, maji ya baridi yakikufika mapajani, na unaigusa ukutani.

Msomaji wa 2 Wafalme 20 anaukumbuka mfereji huu. Jeshi la Ashuru chini ya Senakeribu liliivamia Yuda mwaka 701 KK, na chemchemi ya Gihoni iko bondeni, chini ya mteremko wa mji. Hezekia, mfalme wa Yuda, akatoboa mwamba mita 533 hadi birika la Siloamu, ili kuyaleta maji yake ndani ya mji. Tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho ni kama sentimita 30 tu, na maji bado yanatiririka. Lipu ya humo ilipimwa umri kimaabara, matokeo yakatoka mwaka 2003: inaangukia zama hizohizo.

Mafundi walianza pande zote mbili, wakielekeana gizani. Karibu na katikati, punguza mwendo umulike ukuta. Mfereji unayumba kushoto na kulia, kuna vichochoro vifupi walivyovianza wakaviacha, na alama za sululu zinageuka: zilikuwa zikielekea mbele yako, ghafla zinakujia. Ndipo walipokutana. Maandishi ya Kiebrania yaliyogunduliwa humo mwaka 1880 yanasimulia kwamba zikiwa zimebaki dhiraa tatu, mtu alisikika akimwita mwenzake. Nilisimama hapo nikaweka kiganja kwenye zile alama, hadi walio nyuma wakaanza kulalamika.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mwongozaji wetu. Alitupitisha pale mbiombio bila kusema neno, na nakala ya maandishi iliyo karibu na mwisho wengi hawakuiona. (Jiwe lenyewe liko makumbusho ya Istanbul, maana enzi hizo Waosmani ndio waliotawala.) Wala hakugusia kwamba juu ya vichwa vyetu ni Silwan, mtaa wa Wapalestina, na kwamba uchimbaji wa kiakiolojia hapa una mgogoro mkubwa. Mgeni anastahili kuambiwa yote.

Chukua tochi ya mkononi au ya kichwani, simu iache kwenye mfuko usiopitisha maji. Kuna mahali utainama sana. Mwenye hofu ya mahali finyu, au mzee mwenye magoti mabovu, apitie njia kavu ya Wakanaani iliyo jirani. Ukitokea Siloamu, usiondoke haraka: ngazi za birika la zama za Yesu zilifukuliwa mwaka 2004, mafundi wa bomba la majitaka walipozigonga kwa bahati. Viongozi wa vikundi vya kanisa, someni Yohana 9 hapohapo kwenye ngazi, na mkubaliane na mwongozaji mapema kuhusu muda, kabla hamjalipa.