Waya wa mlingoti uliofunguka Matema: uzoefu wangu na karakana moja ya Mbeya

Waya ulifunguka tukiwa mbali na ufukwe wa Matema, upepo wa kusini umeshaanza kupanda, na mtoto wa dada yangu ameketi chini ya mlingoti. Naanzia hapo makusudi. Mambo ya bei baadaye.

Nina mashua ndogo ya faiba, ya watu wawili. Mlingoti wake unashikiliwa na nyaya tatu, mmoja unakwenda omo, yaani mbele ya chombo, na mmoja kila ubavu. Za zamani zilikuwa zimeota kutu, nikazipeleka kwenye karakana moja hapa mjini wakate mpya na kufunga skrubu za kukazia. Niseme kweli, waya wenyewe waliufanya vizuri. Vipimo sawasawa, ncha zimebanwa barabara. Nilitoka pale nimefurahi, nikawasifia hadi kazini.

Sasa sikiliza. Ile skrubu ina tundu, na kwenye tundu hupita kotapini, ile pini ya miguu miwili unayoikunja ncha, ili skrubu isizunguke yenyewe. Majini chombo hakitulii. Waya wa upande wa joshi, unakotoka upepo, unabeba mzigo, wa demani, unakokwenda upepo, unalegea kidogo, ukigeuza tanga zinabadilishana. Kukaza na kulegea huko ndiko kunakoizungusha skrubu mpaka inaachia. Hawakuweka pini hata moja! Walizungushia tepu nyeusi ya umeme, nzuri, imenyooka, nami nikajua pini zimo ndani. Pini zangu za zamani niliwakabidhi kwenye mfuko. Walizipeleka wapi?

Mlingoti ulilala upande wa demani, ukampita kijana begani. Alikuwa amevaa jaketi la kuokolea, namshukuru Mungu. Matema iko ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo upepo wa kusini una zaidi ya kilomita 500 za maji ya kuinulia mawimbi kabla haujakufikia, na mashariki Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, si mahali pa kusukumwa na chombo kisicho na tanga. Wavuvi wawili wa mtumbwi walitufuata, wakatuvuta. Hawakutaka hela. Ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa, wazee wangu.

Siku chache baadaye nikarudi karakana. Mwenye kazi ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo yake. Hakuitikia. Nikairudia, nikidhani mashine zimemzuia kusikia. Akaniangalia, akasema, "Wewe si ndiye wa mtumbwi? Sisi tulifunga. Ukifungua huko ziwani, ni wewe."

Nimezaliwa Pangani, nimekulia kwenye ngalawa. Lakini hata ningekuwa sijawahi kuona maji, shikamoo huitikiwa. Ile hela elfu themanini ningeisamehe. Hata pini, mtu husahau. Ile shikamoo bado iko kooni.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba pale mtu asikanyage. Ila nilipotoka nje, kijana mmoja wa palepale akanifuata. "Baba, samahani, hizo skrubu nilizifunga mimi. Sikuambiwa zinakwenda majini." Jumapili alipanda gari mpaka Kyela, akaja Matema kwa nauli yake. Akalala chali ndani ya mashua, akachungulia mlingoti kutoka chini hadi kileleni kwa kufuata mfereji wa tanga, akaniambia umepinda kwa sababu walikaza ubavu mmoja kuliko mwingine. Kweli. Akalegeza zote, akaanza upya, mzunguko mmoja kulia, mmoja kushoto, akiangalia tena kila mara. Nikamwomba auinamishe nyuma kidogo, kwa kuwa omo lilikuwa linakimbia upepo, akalifanya hilo pia. Pini akazikunja mbele ya macho yangu, tepu ikaja mwisho.

Tulitoka naye majini siku ileile. Waya wa demani ulilegea kidogo tu, bila kupigapiga, na mashua ilibisha, yaani ilipanda dhidi ya upepo, vizuri kuliko siku niliyoinunua.

Kwa hiyo karakana ile siwezi kusema ni mbaya, maana aliyenitengenezea ametoka mle. Hapana, nasema ni mbaya. Yule kijana analipwa kwa siku na anafundishwa kazi na mtu asiyeitikia salamu. Ukiwa na chombo cha tanga Matema au Itungi, niulize, nitamwomba ruhusa nikupe namba yake. Umpe nauli.