Programu ipi ya kadi za marudio inaonyesha ujuzi unavyokua? Mwongozo kwa wanunuzi wa Kigoma

Mtu anayejifunza Kifaransa hapa Kigoma ili azungumze na wateja wanaovuka ziwa kutoka Kongo au wanaoingia kutoka Burundi hahitaji programu ya kumsifu kwa bidii, bali anahitaji programu itakayomwambia, baada ya mwaka mzima, ni maneno mangapi yamebaki kichwani. Nililijua hilo kwa aibu. Programu yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilinihesabia zaidi ya siku mia moja mfululizo bila kukosa, lakini siku niliposimama Kibirizi mbele ya mfanyabiashara wa vitenge, nikaulizwa bei kwa Kifaransa, kilichonitoka kilikuwa salamu tu. Kwa hiyo hapa chini nimezipanga programu za kadi za marudio, yaani kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili ambazo programu hukurudishia kila baada ya muda, kwa kigezo kimoja: je, grafu zake zinapima kumbukumbu, au zinapima jasho?

Ya kwanza, na kwa mbali, ni Anki, iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006. Kwenye kompyuta haina malipo, na kwenye simu za Android hupatikana bure kwa jina la AnkiDroid, ambayo hufanya kazi hata pasipo intaneti, jambo lenye maana kubwa kwa anayesoma ndani ya treni ya kwenda Tabora. Ukurasa wake wa takwimu hutenganisha kadi mpya, changa na zilizokomaa, na kadi huhesabiwa kuwa imekomaa pale muda kati ya marudio yake unapofika siku 21. Mgawanyo huo unamtosha anayeanza. Thamani yenyewe huonekana ukiwasha FSRS, kanuni ya kupanga marudio iliyoingizwa katika Anki mwaka 2023, kwa kuwa hapo kila kadi hupewa uthabiti, yaani idadi ya siku ambazo uwezekano wa kuikumbuka huchukua kushuka kutoka asilimia 100 hadi 90, na programu huzijumlisha kadi zote kwa kadiri unavyoweza kuzikumbuka leo. Mwenye kadi 1,000 zenye wastani wa asilimia 85 huambiwa kwamba anajua kadi zipatazo 850.

Upungufu wake ni kwamba makadirio hayo ni picha ya leo pekee, wala hayachorewi mstari wa kupanda na kushuka tangu ulipoanza. Zipo nyongeza za kompyuta zinazoongeza grafu, lakini hazifanyi kazi kwenye AnkiDroid. Mimi huiandika namba hiyo kila tarehe mosi katika daftari lilelile la hesabu za duka, na imenitosha. Wenye iPhone wajue kwamba toleo lao hulipiwa mara moja, dola 24.99 za Marekani. Wasiotaka kulipa wanaweza kufanya marudio bure kupitia tovuti ya AnkiWeb.

Nafasi ya pili naipa SuperMemo, kazi ya Piotr Wozniak wa Poland iliyoanza kama programu ya kompyuta mwaka 1987, na ndiyo iliyozaa kanuni ambayo Anki iliiazima mwanzoni. Kwa uchambuzi wa kumbukumbu haina mchezo: humchorea mtumiaji mikunjo ya kusahau, yaani grafu za jinsi kumbukumbu inavyopungua kadiri siku zinavyopita, kutokana na majibu yake mwenyewe. Hata hivyo toleo lenye uchambuzi huo ni la kununua, linahitaji kompyuta ya Windows, na sura yake ni ya kizamani kiasi cha kumchosha mgeni kabla hajaifikia grafu ya kwanza. Mwalimu mwenye kompyuta na subira atafaidika. Mwanafunzi mwenye simu tu asihangaike nayo.

Mnemosyne ni ya bure na nyepesi, lakini takwimu zake ni chache, hivyo naiweka ya tatu. RemNote, yenye mpango wa bure na wa kulipia, inamfaa anayetaka madaftari na kadi mahali pamoja. Kwa kigezo chetu inabaki ya nne.

Programu yoyote nyingine utakayouziwa, ijaribu kabla ya kutoa pesa. Ingiza kadi hamsini, zirudie kwa mwezi mmoja, kisha usiiguse kwa wiki moja. Ukiifungua tena ukakuta namba ya ujuzi haijashuka hata kidogo, usiinunue.